Glavu za Baba

Wiki iliyopita nilitoka na baiskeli alfajiri nikasahau glavu mezani. Niligundua nikiwa nimeshapita soko, barabara imeanza kuteremka katikati ya mashamba ya chai, na ukungu umekaa chini kiasi kwamba gurudumu la mbele nililiona kwa shida. Vidole vilianza kufa kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Ningeweza kurudi. Badala yake nilisimama kando ya shamba la mtu, nikaegemeza baiskeli kwenye ua, nikachuna ganda kavu la shina la mgomba, nikalikunja mara mbili na kulifunga kwenye usukani kwa nyuzi za mgomba huohuo. Mikono ilifanya kazi yote hiyo bila kuniuliza. Nilipoiingiza ndani, ganda likatoa harufu yake, harufu ya vumbi na moshi na mvua ya zamani, nami nikawa na miaka tisa, nimekaa kwenye chuma cha mbele cha baiskeli nyeusi, mikono ya mama imenizunguka huku na huku.

Mtoto anayekaa kwenye chuma cha mbele haoni uso wa anayemwendesha. Anaona mikono tu. Kwa hiyo mikono ya mama naikumbuka kuliko uso wake wa miaka ile. Kila asubuhi isipokuwa Sabato alikamua ng'ombe wetu, akapitia maziwa ya majirani watatu, akafunga mikebe miwili kwenye karia, mmoja huku na mmoja huku, kisha akaniinua na mkoba wangu. Tulitoka nyumbani kwetu, juu kule Gesima, tukateremka hadi njia panda. Hapo palikuwa na hoteli ya Mama Atieno, mwanamke wa upande wa ziwani ambaye mumewe alifanya kazi ya ofisi mjini. Mama akishapeleka maziwa aliniacha kwenye lango la shule. Nilijua hali yake kwa jinsi alivyoushika usukani. Akiwa na wasiwasi, kidole gumba kilisugua mpira wa mshikio. Akiwa na furaha, hasa pale bondeni ambapo barabara hunyooka kidogo, vidole viwili vya kulia vilipiga ngoma ya wimbo wa kanisani, na nyuma ya kisogo changu nikasikia mvumo wake.

Wewe uliyekulia milima ile unaijua baridi ya Julai. Haikujii kwa upepo. Hukaa tu kwenye majani ya chai kama kitu kilichosahauliwa pale, na ukipita inakushika. Breki za baiskeli ile zilikuwa za vyuma virefu, na chuma alfajiri kama ile huunguza. Mkono ukifa ganzi hauwezi kubana breki, na njia yetu ilikuwa mteremko karibu wote.

Baiskeli yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya tata. Tata, yaani mzazi wangu wa kiume, aliiacha alipokwenda Naivasha kufanya kazi kwenye chumba cha baridi cha shamba la maua, kule maua yanakofungwa kabla ya kusafirishwa. Siku anaondoka, magokoro, mama yake mzazi, alikuwa ameketi kwenye kigoda uani akimenya matoke. Alisema bila kuinua kichwa, "Na hicho chuma unamwachia nani?"

Mama alikuwa ameanza kuipanda mwezi mmoja kabla, na kijiji kizima kilikuwa kimemwona.

"Nauliza tu," magokoro akaendelea. "Tangu nizaliwe sijaona mwanamke aliyekaa juu ya chuma, miguu inazunguka kama ya kuku anayechinjwa."

Tata alikuwa akifunga kamba ya begi. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. "Tutaona nikirudi," alisema, akaenda zake.

Maneno hayo mawili yalikaa kwetu mwaka mzima. Tutaona nikirudi. Mama alipanda baiskeli kila asubuhi kama mtu aliyeazimwa nguo na hajaambiwa ya kurudisha ni lini. Hata mimi nilijua kwamba siku moja tata angefika, angesema ndiyo au hapana, na kama ni hapana basi mwisho wa bondeni, mwisho wa wimbo, mwisho wa mimi kukaa katikati ya mikono ile.

Kabla ya kueleza ujumbe uliokuja na glavu kutoka kwa tata, lazima niungame aibu yangu ya darasa la tatu. Kwetu, mtoto humwita mama yake baba. Baba ndiye aliyekuzaa, aliyekunyonyesha, anayekupigia kelele uoge. Mzazi wa kiume ni tata. Hivyo ndivyo lugha yetu ya Ekegusii ilivyo, na hakuna mtoto anayekosea mpaka siku anapoingia shule na Kiswahili kikageuza kila kitu juu chini. Mwalimu wetu, aliyetoka ziwani kama Mama Atieno, alituambia tuandike insha yenye kichwa "Baba Yangu". Niliandika kwa moyo wangu wote. Niliandika kwamba baba yangu huvaa rinda la maua siku ya Sabato, kwamba baba yangu ananisuka nywele, na kwamba baba yangu alinizaa jikoni asubuhi moja mvua ikinyesha.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Alipofika jikoni alilazimika kuvua miwani afute macho. "Kemunto," alisema, "huyo baba yako, uchungu ulimshika siku ngapi?"

Darasa likaanguka. Waliocheka zaidi ni wale ambao nao walikuwa wameandika vilevile, na daftari zao zilikuwa bado hazijafikiwa. Nilirudi nyumbani nimeapa. Tangu siku hiyo, neno baba likija limeandikwa kwa Kiswahili, nililiona na masharubu yake. Mwaka uliofuata nikawa wa kwanza katika Kiswahili, na mama akaandikiwa barua ya pongezi ambayo mimi mwenyewe nilimsomea.

Kifurushi kililetwa na Nyakundi, jirani yetu aliyefanya kazi kulekule Naivasha. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amepitia chai kwa Mama Atieno, kwa hiyo watu wa njia panda walijua kilichomo kabla yetu. Ilikuwa jioni. Mama alikuwa chini ya ng'ombe, ndoo katikati ya magoti. Nilifungua mimi. Ndani mlikuwa na glavu mbili nene, za buluu nje, na ndani manyoya meupe mafupi kama ya mwanakondoo. Zilinukia maua na dawa. Sikujua kitu kinaweza kunukia hospitali na arusi kwa pamoja. Chini yake kulikuwa na kipande cha katoni, na mwandiko wa tata.

"Soma," mama alisema.

Alikuwa anajua kusoma. Biblia ya Ekegusii aliimaliza kila mwaka. Lakini Kiswahili cha kuandikwa kilimchosha, na mimi nilikuwa bingwa, na mikono yake ilikuwa na maziwa. Katoni ilisema hivi: *Glavu ni ya baba. Baridi isimuue mikono.*

Nikaisoma kimoyomoyo, nikaona masharubu, nikatafsiri kwa sauti kubwa: "Glavu ni za tata. Baridi isimuue mikono."

Mlio wa maziwa kwenye ndoo ulisimama. Kisha ukaanza tena, polepole.

"Za tata?"

"Za tata."

"Amesema anakuja lini?"

"Hajasema."

Halikuwa jambo la ajabu. Tata alikuwa na desturi ya kutanguliza vitu vyake nyumbani, kwa sababu huko kwenye vyumba vya wafanyakazi vitu viliota miguu. Blanketi lilitangulia, gambuti zikatangulia. Sasa zimekuja glavu, na glavu za mikono miwili mtu huvaa akipanda nini? Magokoro, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa zizi akinusa habari, alimaliza hesabu kwa niaba yetu. "Mwenye glavu anakuja kuchukua chuma chake," alisema, akarudi jikoni kwake.

Mama alinawa mikono, akaikausha, akakunja glavu kama mtu anayekunja shuka ya mgeni, akaziweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. Katoni akaitia ndani ya Biblia.

Nami, mwana wa shule niliyependa mambo kwa utaratibu, nilianza kuandika nyuma ya daftari la hesabu jinsi mama alivyopigana na Julai. Daftari lilipotea zamani lakini orodha ninayo kichwani. Kwanza alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. Sweta ikalowa ukungu, ikawa baridi kuliko hewa. Kisha akavaa soksi zangu za shule za mwaka uliopita, ametoboa tundu la kidole gumba. Hizo zilifaa siku nne, mpaka zikawa laini kwa maziwa na kuanza kuteleza. Akajaribu karatasi za dukani, zile za nailoni, moja kila mkono, amezifunga kwa raba kwenye vifundo. Ziliita shwa shwa shwa njia nzima, mbwa wakatufuata, na alipozivua mikono ilikuwa imekunjamana kama ya mzee. Alipaka mafuta ya kukamulia. Alipaka siagi. Kote njiani nilikuwa nikitazama, sentimita chache mbele ya pua yangu, vidole vikibadilika kutoka rangi ya chai ya maziwa hadi rangi ya jivu.

Na kule njia panda hakukuwa na huruma.

"Mama Kemunto!" Mama Atieno aliita akiwa bado ndani ya moshi wa maandazi. "Glavu ya Naivasha iko wapi?"

"Nimesahau nyumbani."

"Leo tena? Jana umesahau, juzi umesahau. Siku moja utasahau maziwa, uniletee maji."

"Nikikuletea maji si utayauza tu na majani ya chai? Nani atajua?"

Wanaume waliokuwa wakinywa chai walicheka, na mama alicheka pia, huku ameficha mikono chini ya makwapa.

Njiani kwenda shule nilimuuliza. Sisi tulikuwa Wasabato wa kweli, na uongo ulikuwa uongo hata ukiwa mdogo. "Baba, mbona unasema umesahau? Si ziko sandukuni."

Kidole gumba kilisugua mpira. "Nimezisahau kweli," alisema. "Kila asubuhi nazisahau kwa makusudi. Ni kazi kuliko kukamua."

"Kwa nini usizivae tu? Tata hataona."

"Kitu cha mtu ni cha mtu, Kemunto. Baiskeli yake ninayo. Na glavu pia nichukue?"

Tulianguka asubuhi ya mvua ndogo, pale mteremko wa kanisani. Alikuwa amerudia soksi. Niliona vidole vikibana breki, nikaona soksi inazunguka juu ya chuma na vidole vimebaki ndani yake bila kushika chochote, kama mtu anayekimbia ndotoni. Baiskeli ilichukua kasi. Hakupiga kelele. Aliutupa mwili wake upande mmoja kwa makusudi, na mimi nikarushwa upande wa pili, ndani ya michai, ambayo ilinipokea kama kitanda kilicholowa. Nilipoinuka kila kitu kilikuwa kimya. Maziwa yalikuwa yanateremka barabarani kwa mfereji uliochorwa na mvua, meupe kabisa juu ya udongo mwekundu, hayana haraka, yakipinda kwenye kona kama yanayoijua njia ya njia panda. Nilifikiri ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kisha nikaona mkono wa mama. Kiganja cha kulia kilikuwa kimepasuka kutoka chini ya kidole cha shahada hadi kwenye kifundo.

Alinitazama mimi kwanza, miguu, kichwa, meno. Kisha akaitazama baiskeli. Alilizungusha gurudumu kwa mkono mzima, akasikiliza, na alipoona linazunguka sawa ndipo akakaa chini, akafunga kidonda kwa kitambaa cha kichwa.

"Chuma kimesema chenyewe," magokoro alisema jioni ile. "Sasa tungoje mwenyewe aje aseme."

Kesho yake mama alienda kwenye mgomba nyuma ya nyumba, akasimama mbele yake muda mrefu kama aliyeitwa hapo. Ndipo akasema neno ambalo mpaka leo naona ni la mtu mwenye akili nyingi: "Tumekuwa tukiivisha mikono nguo. Mikono inataka nyumba."

Tulichuna maganda makavu ya shina, marefu, laini kwa ndani kama sikio la ndama. Aliyakunja mawili mawili, akanifundisha kusokota kamba kutoka kwenye nyuzi zake, na tukajenga juu ya usukani nyumba mbili, moja kila upande, mlango ukimwelekea yeye. Mkono uliingia mtupu, ukashika mpira na breki mtupu, usiteleze, na ukungu ukabaki nje. Siku ya tatu akaongeza jiko. Alichemsha matoke mawili na maganda yake, akatia moja kila nyumba, yakiwa bado yanatoa mvuke. Tulipofika njia panda yalikuwa vuguvugu tu, na hayo ndiyo yakawa chakula changu cha saa nne.

Nikikumbuka utoto wangu wote, naanzia asubuhi zile. Dunia haikuwepo. Kulikuwa na ukungu, mkao wangu kwenye chuma, mikebe ikigonga polepole nyuma, na mvuke wa matoke ukitoka kwenye milango ya zile nyumba mbili na kunipitia usoni. Mara nyingine mchuma chai aliyewahi alitokea kiunoni kwenda juu, kikapu mgongoni, bila miguu, akatusalimu "bwakire", akazama tena. Sikujua kama tunashuka au tunapanda. Nilidhani kama mama angeacha kukanyaga pedali tungebaki palepale hewani, na nikatamani aache, ili tusifike shule, tusifike Desemba.

Kwa sababu Desemba ilikuwa inakuja, mwezi ambao wafanyakazi wa mbali hurudi nyumbani, na mama aliijua. Kila Ijumaa, jua likiwa bado halijazama, alipokuwa akitayarisha nguo za Sabato, alivuta sanduku, akatoa glavu, akazikung'uta panya wasije wakaziingia, akaziweka juu ya kitanda. Kisha alilaza kiganja chake chenye kovu juu ya glavu moja, kidole juu ya kidole. Juu yake, si ndani. Glavu ilimzidi kila upande. Mimi niliyekuwa nikichungulia mlangoni nilidhani anampima tata, asije akarudi amepungua.

Tata alifika alasiri moja ya Desemba, jua limewaka, na ndizi za kuiva mabegani kana kwamba kwetu hakuna ndizi. Mama alikuwa ameng'oa zile nyumba za mgomba. Alikuwa ameiosha baiskeli kwa sabuni, ameutia mnyororo mafuta, akaiegemeza ukutani mbele ya mlango, na juu ya kiti ameziweka glavu, zimekunjwa. Aliweka kama watu wanavyorudisha sahani ya jirani, safi, na kitu juu yake.

Tata aliona glavu kabla ya kutuona sisi. Alizichukua, akazigeuza, akatia kidole ndani. Manyoya yalikuwa meupe vilevile.

"Hukuzivaa," alisema.

"Nilikutunzia," mama alisema.

"Ulinitunzia."

"Na baiskeli nimeiosha."

Tata alimtazama, akaitazama baiskeli, na uso wake ukafungwa. Leo najua alichokuwa anafikiri. Alikuwa mtu asiyeweza kumjibu mama yake mbele ya watu. Siku ile ya kuondoka alishindwa, na katika baridi ya chumba kile alikuwa na miezi mingi ya kulitafuta jibu. Alipolipata, alilituma likiwa na vidole kumi. Na sasa limerudishwa, likiwa halijaguswa. Mama naye alikuwa akingoja neno moja kuhusu baiskeli, na halikuja. Akaingia jikoni. Tata akakaa kwenye kigoda cha magokoro, na magokoro akatoka kwake kuja kumsalimu, akaona kila kitu kwa mara moja, akafurahi kidogo, kisha akaacha kufurahi alipouona uso wa mwanawe.

"Kemunto," tata alisema, "niliandika. Barua haikufika?"

"Ilifika. Niliisoma mimi."

"Hebu nisomee tena."

Niliitoa kwenye Biblia. Nilisimama kama darasani, mikono imenyooka. "Glavu ni ya baba," nilisoma. "Baridi isimuue mikono."

"Na ulimwambia nini?"

"Kwamba glavu ni za tata."

Kuku mmoja alipita katikati yetu. "Tata," akarudia. "Niliandika tata?"

"Uliandika baba. Kwa Kiswahili baba ni... mwalimu alisema..." Nililiona lile neno kwenye katoni, na kwa mara ya kwanza halikuwa na masharubu. Lilikuwa na rinda la maua. Nikaona soksi zinazunguka kwenye chuma, maziwa yanateremka, kiganja kimefunguka, na yote hayo nilikuwa nimeyafanya mimi, bingwa wa Kiswahili. Machozi yakaja bila kuomba ruhusa. "Nilidhani ni Kiswahili," nilisema.

"Ilikuwa Kiswahili," tata alisema polepole. "Huko tunaongea Kiswahili mchana kutwa. Lakini nilikuwa nawaza hapa." Akanikalisha gotini ingawa nilikuwa mkubwa. "Usilie. Muite baba."

"Nani?"

"Wewe ita tu. Ita baba, tuone."

Nilivuta kamasi, nikaelekeza mdomo hewani. "Baaaba!"

"Ee!" mama aliitika kutoka jikoni, kama alivyoitika kila siku ya maisha yangu, na akatoka anafuta mikono kwenye leso. "Nini? Mbona unalia?"

Tata alisimama na kumnyooshea glavu. "Aliyeitika ndiye mwenyewe," alisema.

Mama hakuzipokea mara moja. Alinitazama mimi, akaitazama katoni mkononi mwangu, na nikaona anasoma. Midomo yake ilicheza, neno kwa neno, ikafika kwenye lile neno, ikasimama.

"Ngojeni," magokoro alisema ghafla. "Baba yako wewe si mimi? Nani alikuzaa? Mtu akisema baba, ni mama yake. Kwa nini hizo glavu zisiwe zangu?"

Tata aligeuka. Naamini ndiyo mara ya kwanza maishani alimjibu mama yake mbele ya watu. "Unapanda baiskeli, baba?"

"Mimi? Hicho chuma? Shetani ashindwe!"

"Basi glavu ni za anayepanda."

Bega moja la magokoro likaanza kutikisika, kisha la pili, na alikuwa anacheka, amejishika mbavu, na mama akaanza kucheka huku machozi yanatoka, akatia mkono wenye kovu ndani ya glavu, ukazama wote, ukapotea.

"Ni kubwa," alisema.

"Nilikadiria," tata alisema. "Chumba kilikuwa na baridi, nikakumbuka mikono yako ni mikubwa."

Tata sasa hayupo, na ule utani kuhusu ukubwa wa mikono ya mama, yeye mwenyewe huurudia hadi leo kila wajukuu wakikusanyika. Lakini jambo ninalolikumbuka mimi ni asubuhi iliyofuata. Mama alikamua, akafunga mikebe, akanipakia kwenye chuma ingawa shule zilikuwa zimefungwa, kwa sababu nilimsihi. Ukungu ulikuwa palepale ulipoachwa. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka pale kanisani nilipotazama mbele ya pua yangu, nikaona mikono mitupu juu ya chuma, haina glavu, haina hata nyumba zake za mgomba.

"Baba," nilisema, "glavu."

Breki zilibana. Tukasimama. Mama alitazama mikono yake, huku na huku, kama ya mtu mwingine. "Nimesahau nyumbani," alisema. Kisha akasikia alichokisema, na akacheka mpaka mikebe ikagongana.

Ndipo tuliposikia miguu. Mtu alikuwa anakimbia mlimani nyuma yetu, gambuti zikipiga udongo, haonekani, ni sauti tu ndani ya weupe. Mgeni anayejua Kiswahili peke yake, kama angepita pale alfajiri ile, angesema kuna mwanamume mzima amepotea kwenye mashamba ya chai na anamlilia mzazi wake.

"Baba!" tata alikuwa akiita. "Baba! Ngoja! Baba!"

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Nilihisi mikono miwili ikiuachia usukani, na nyuma ya kisogo changu mama akavuta pumzi, akageukia ukungu, akaitika.